Mchuzi wa Kuku wa Hafsoh

Watu walioshuka kwenye treni ya asubuhi pale Trang walimkuta Urai mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni, mikono imejaa mashuka. Hakuwa na haja ya kuita wateja. Walivuka wenyewe na mabegi yao na usingizi wao, na kabla hawajavua viatu walikuwa wameshaanza kuuliza. Kuna chumba? Kina feni au kiyoyozi? Maji ya moto yapo? Ya bomba yananyweka? Wapi tutapata chakula kisichowasha? Urai aliwajibu huku akiendelea kukunja mashuka, kwa Kithai kama ni Wathai, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kama ni wageni wa mbali, na kwa vidole pale maneno yalipomwishia.

Nyumba yenyewe haikuanza kama nyumba ya wageni. Urai alizaliwa Huai Yot, kwenye mashamba ya mpira, na aligema mpira pamoja na mama yake mpaka alipoolewa na Sanit, mkata tiketi wa stesheni, akahamia mjini kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya wakwe zake. Mwaka mmoja mvua zikasomba tuta la reli upande wa kaskazini. Treni ikakwama, na jioni Sanit akarudi nyumbani na kundi la abiria aliowakuta wamejikunyata kwenye mabenchi: bibi mmoja na wajukuu zake, walimu wawili, na kijana wa Kijapani asiyejua hata neno moja la kuombea maji. Urai akatandika mikeka vyumba vya juu, akapika uji wa mchele sufuria nzima. Wakakaa mpaka reli ilipotengenezwa. Walipoondoka, aliiona nyumba imepwaya, akamwambia mumewe, "Vile vyumba vya juu tuwape watu."

Sanit alidhani anatania. Lakini alipofariki, miaka mingi baadaye, ni vyumba hivyo vilivyomlisha Urai na kumsomesha binti yao Nuch, mpaka Nuch akapata kazi Hat Yai na nyumba yake mwenyewe. Sasa kila akipiga simu wimbo wake ulikuwa mmoja.

"Mama, funga hiyo nyumba uje tukae wote. Umechoka."

"Nimechoka na nini? Watu wanalala, wanaamka, wanaondoka."

"Umechoka na maswali. Nakusikia hata sauti."

Urai alikuwa anabisha, ila kimoyomoyo alijua mtoto hajakosea sana. Kilichombakisha ni fahari. Mji mzima ulijua kwamba mgeni aliyeelekezwa na Urai harudi na njaa wala halali pabaya. Jirani yake, Kaka Tek mwenye mgahawa wa kahawa, akiulizwa jambo na mgeni, hata kichwa hainui. Anaonyesha kwa kijiko mlango wa pili. "Muulize yule. Yule anajua mpaka kuku anakolala."

Basi siku moja treni ikamshusha Mholanzi mmoja mrefu aitwaye Maarten pamoja na binti yake Fenna, msichana wa miaka kumi na mbili mwenye nywele kama katani na miguu isiyotulia. Walitaka kupumzika mjini siku mbili tatu kabla ya kwenda visiwani. Maarten alikuwa mtu mpole, anainamisha kichwa kila anapopita mlangoni, lakini kwa kuuliza alikuwa hana mfano. Aliuliza neti ya dirisha ina matundu au haina. Aliuliza barafu inatoka wapi. Aliuliza kama mafuta ya kukaangia hubadilishwa. Akapanda chumbani, akashuka, akauliza kama yule mjusi wa ukutani anauma.

"Haumi," Urai akamwambia. "Anaimba tu."

"Anaimba saa ngapi?"

Kaka Tek, aliyekuwa amekuja kuazima ndoo, ikabidi atoke nje akachekee huko.

Ila swali moja Urai hakulifanyia mzaha. Jioni ile ya kwanza Maarten alikaa naye jikoni, akaweka mezani kalamu nene ya sindano, ile ya dawa, akamweleza polepole. Fenna ana mzio wa kamba wa baharini. Si kwamba hapendi. Akila kamba, hata kidogo, midomo inavimba, koo linaziba. Alipokuwa mdogo walimkimbiza hospitali amekuwa wa buluu. Hii sindano ni ya kumchoma hapo hapo, lakini baada ya hapo ni hospitali moja kwa moja.

Urai akamtazama yule msichana aliyekuwa sakafuni anacheza na paka. Usiku ule aliwapikia mwenyewe wali na mayai ya kukaanga, akawakatia nanasi. Kila kitu alikiosha upya, mpaka kisu.

Asubuhi, Fenna akasema amechoka mayai. Tangu Bangkok anakula mayai. Alikuwa ameona kupitia dirisha la treni wanawake wanauza wali na michuzi ya rangi rangi kwenye masufuria, na yeye anataka huo.

"Nataka wa njano," alisema.

Maarten akamgeukia Urai. "Wapi tutapata mchuzi usio na kamba?"

Urai hakufikiri mara mbili, maana jibu alikuwa nalo tayari. "Nendeni kwa Dada Hafsoh, nyuma ya mnara wa saa. Mwambieni mchuzi wa kuku. Ni kuku tu, hakuna samaki, hakuna kamba. Mpikaji msafi, masufuria yake yanang'aa."

"Una uhakika hakuna kamba?"

"Nina uhakika."

"Uhakika kabisa?"

"Bwana Maarten, mimi kwa Hafsoh nimekula kabla huyu mtoto hajazaliwa. Kamba haingii mule."

Maarten akamshukuru, wakavaa viatu, wakaondoka kwa miguu. Urai akapumua. Akatandua vitanda vya juu, akafagia, akamjibu mama mmoja kutoka Korat kuhusu mabasi ya Krabi, kisha akaingia jikoni kujitengenezea chatini ya pilipili ya kulia wali wake. Akatia kwenye kinu pilipili, vitunguu saumu, chumvi, akaanza kutwanga. Akafungua kopo la kapi, akachota kijiko kizima cha ule mkorogo wa zambarau, harufu yake nzito ikamjaa puani kama kila siku, akakitia kwenye kinu, akainua mchi.

Mchi ukabaki juu.

Kapi ni uduvi. Uduvi uliotiwa chumvi, ukaanikwa, ukatwangwa mpaka ukawa kinyunga. Na uduvi ni nini kama si kamba wadogo? Maishani mwake mwote hakuwahi kuuhesabu kuwa ni kamba. Ni kiungo, kama chumvi ilivyo kiungo. Ukimuuliza mtu yeyote wa Trang kama mchuzi wa kuku una kamba, atakushangaa, maana kamba ni wale unaowaona wamelala kwenye sahani na mikia yao. Lakini hakuna mwanamke kusini nzima anayetwanga viungo vya mchuzi wa njano bila kapi, na Hafsoh ndiye angekuwa wa mwisho kuiacha.

Alipiga simu kwa Hafsoh, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Namba ya Maarten hakuwa nayo. Katika maswali yote yale, hilo moja yeye hakulikumbuka kumuuliza.

Akatoka mbio na aproni yake, akasukuma pikipiki barabarani. Kaka Tek alikuwa anamwaga maji mlangoni.

"Kunaungua wapi, Urai?"

"Nimemtuma yule mtoto akale kapi."

"Kapi haijawahi kumuua mtu."

"Huyu inamuua, Kaka."

Tek akaona uso wake, akaacha utani. "Nenda. Wageni wakija nitawajibu mimi."

Njia ile Urai aliipita kila siku, lakini leo kila kitu kiliamua kumkalia mbele: lori la kuni, watoto wa shule na mwalimu wao, taa nyekundu isiyotaka kugeuka. Mkono ulinuka kapi kwenye usukani. Aliwaza midomo ya yule msichana. Aliwaza Maarten akimwambia daktari, mwenye nyumba alisema ana uhakika kabisa. Akajaribu kuhesabu wameondoka lini, akashindwa, maana alikuwa amepoteza muda kwa vitanda na yule mama wa Korat.

Nyuma ya mnara wa saa akasimamisha pikipiki hata bila kuiegesha vizuri. Meza ya Hafsoh ilikuwa imefunikwa turubai, viti vimegeuzwa miguu juu. Hakuna sufuria, hakuna mtu. Pembeni, mwanamke anayeuza kuku wa kukaanga alikuwa anafukuza nzi kwa upepeo.

"Hafsoh yuko wapi?"

"Kantang. Mtoto wa dada yake anaolewa. Hata mimi ningekwenda, ila kuku wameshakatwa."

"Amefunga tangu asubuhi?"

"Leo hakufungua kabisa, dada. Vipi, una deni lake?"

Urai akashika nguzo ya turubai. Akacheka kicheko kilichomtoka bila kukialika, na yule mwanamke akamtazama kwa mashaka. Basi hawajala. Mungu wa Hafsoh na Buddha wake Urai wamekaa kikao wakapanga harusi.

Lakini kicheko hakikufika mbali. "Hukuwaona wageni wawili? Mzungu mrefu na binti yake?"

"Yule wa kuuliza? Kanimaliza. Unga huu wa nini, mafuta haya yamekaangia nini jana. Nikamwambia, baba, mimi nauza kuku, sifanyi mtihani. Mtoto alikuwa ananuna kwa njaa. Wamepanda bajaji ya Mjomba Wira."

Mjomba Wira hakuwa mbali. Alikuwa amerudi kivulini mwake, amelala ndani ya bajaji yake yenye uso kama wa chura, kofia usoni. Urai akamgonga goti.

"Mjomba, wale wazungu umewapeleka wapi?"

Akainua kofia kidogo. "Kwa vile vitafunio vya Kichina vya mvuke, kule barabara ya hospitali. Si ndiko wageni wote wanakokwenda? Msichana alikuwa anasema njaa, njaa. Nikawapeleka penye chakula kingi."

Urai alishageuza pikipiki. Alikuwa amefurahi mapema mno. Mchuzi wa Hafsoh ungekuwa na uduvi kijiko kimoja kwa sufuria nzima, lakini duka lile la mvuke liliishi kwa kamba. Kamba ndani ya vifuko vya unga, kamba waliosagwa na nyama, kamba juu ya tofu, na vyote vinaletwa mezani hata hujaagiza, vikapu juu ya vikapu, unachukua unachotaka. Mtoto mwenye njaa anachukua kwanza, baba anauliza baadaye. Angalau hospitali iko jirani, aliwaza, na mawazo hayo yenyewe yakamtia hofu zaidi.

Duka lilikuwa limefurika. Mvuke ulipanda mpaka kwenye feni za dari, watu wanaongea kwa sauti, vikombe vinagongana. Urai akasimama mlangoni akitafuta kichwa kirefu, akakiona mwisho kabisa, kimeinama. Mbele yake Fenna alikuwa amelaza kichwa juu ya meza, mikono imening'inia.

Hakukumbuka baadaye alivyopita katikati ya zile meza. Alimshika msichana bega.

Fenna akainua uso. Macho mazima, midomo mizima, nywele zimemganda shavuni. Akamtazama Urai kama mfungwa anavyomtazama mtu aliyekuja na funguo.

"Baba hajaniruhusu kula kitu chochote," alisema.

Mezani palikuwa na buli la chai na vikombe viwili. Basi. Wala kikapu kimoja. Msichana wa kuhudumia alikuwa amesimama kando ya Maarten amekata tamaa, na alipomwona Urai aproni na yote, akaanza kumlalamikia kwa Kithai bila hata salamu.

"Shangazi, huyu ni mtu wako? Nisaidie. Kila kikapu anataka kujua kuna nini ndani. Nikimwambia nyama, anauliza nyama na nini. Nikimwambia unga, anauliza unga umekandwa juu ya meza gani. Meza zingine wameshakula wakaondoka, wengine wamekuja. Mtoto wa watu anakufa njaa."

"Amekula kitu chochote?"

"Ale nini? Amekunywa chai."

Urai akavuta kiti, akakaa. Akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanacheza, na Maarten akaogopa, akauliza kama anaumwa, anaumwa wapi, tangu lini. Hapo ndipo Urai alipoangua kicheko na machozi pamoja, mpaka meza ya jirani wakageuka.

Alipotulia alimwambia kila kitu, bila kujipunguzia. Kwamba alisema ana uhakika na hakuwa nao. Kwamba ule mchuzi wa kuku unatwangwa na uduvi, na kama Hafsoh asingekwenda harusini, sasa hivi wangekuwa wanazungumza mengine. Rangi ikamtoka Maarten usoni. Akaupeleka mkono kwenye begi, akaigusa ile sindano kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, akaurudisha mezani.

"Nilikasirika tulipokuta pamefungwa," alisema. "Nililaani."

"Nisamehe, Bwana Maarten."

Maarten akamwangalia binti yake, akamwangalia Urai aliyeloa jasho, na vidole vyake vyenye rangi ya zambarau. "Umekuja mbio mpaka huku," akasema. "Watu wengi hunijibu wanisahau." Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akauliza, "Hiyo kapi inatiwa kwenye nini kingine?"

Safari hii Urai hakujibu kwa haraka. Alikaa akafikiri, akapita michuzi mmoja mmoja kichwani, akamtajia. Na pale asipokuwa na uhakika alisema sijui, neno ambalo halikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya mgeni kwa miaka.

"Nina njaa," Fenna akakumbusha.

Urai akasimama, akaenda mpaka mbele dukani, mahali mwenye duka alipokuwa anakata nyama ya nguruwe ya kuchoma, ngozi yake inalia chini ya panga.

"Hilo gogo unakatia nini kingine?"

"Nguruwe tu. Kwani leo umekuwa bwana afya, Dada Urai?"

"Leo ndiyo. Na panga?"

"Nguruwe tu."

"Na hii nyama umeipaka nini kabla ya kuchoma?"

Akataja: chumvi, asali, viungo vya Kichina. Urai akamrudisha nyuma akamfanya ataje tena. "Sukuma huko vikapu vyako, nikatie kutoka hiki kipande ambacho hakijaguswa. Na yale maandazi marefu, mafuta yake yanakaangia nini?"

"Andazi, mama yangu. Andazi na andazi. Unataka nile kiapo?"

"Kula."

Mwenye duka akacheka, akainua panga juu kama shahidi mahakamani.

Fenna alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Ya pili aliila akitabasamu, mafuta kidevuni. Maarten alimtazama midomo muda wote ule, na Urai naye akawa anamtazama, watu wazima wawili wanamchungulia mtoto kama wanangoja jua litoke. Hakuvimba. Alijamba kidogo, akaomba radhi, akaomba andazi jingine. Maarten akashusha pumzi ndefu, kisha na yeye akaanza kula, na kwa mara ya kwanza tangu afike Trang akala bila kuuliza.

Kesho yake Hafsoh alirudi kutoka harusini, hina bado mbichi viganjani, na Urai akawa wa kwanza mbele ya meza yake.

"Dada, nimekuuza jana. Nilimwambia mgeni mchuzi wako hauna kamba."

"Si kweli hauna?"

"Na kapi?"

Hafsoh akakaa juu ya kiti chake kidogo. "Subhanallah," alisema taratibu. "Na mimi ningemjibu hivyohivyo. Angekuja akaniuliza kamba, ningemwambia kula mwanangu, kuku mtupu."

Kila mmoja akawaza waliokwisha kula pale miaka yote. Kisha Hafsoh akajipiga paja, akainuka. "Mlete huyo mtoto. Nitamtwangia wake. Kinu kipya ninacho, nimezawadiwa harusini, hakijaona uduvi."

Alitwanga manjano, pilipili chache, mchaichai na chumvi nyingi, Maarten amesimama juu yake anauliza na yeye anajibu, Urai katikati anatafsiri. Mchuzi ulipoiva, Hafsoh akauonja, akakunja uso.

"Umepooza kama uji wa mgonjwa. Watu wakijua huu nimeupika mimi, nitahama mji."

Fenna aliumaliza, akakwangua bakuli. Akamwambia Urai amwambie yule mama kwamba huu ndio ule wa njano aliouona kwenye treni. Hafsoh alipotafsiriwa, akajifanya anapangusa meza, lakini alikuwa amefurahi mpaka masikioni, na akakataa kulipwa.

Walikaa siku mbili zaidi ya walivyopanga. Asubuhi ya kuondoka, gari dogo la kwenda gatini likaja mapema, Fenna akamkumbatia paka kwanza kisha Urai. Maarten akainamisha kichwa mlangoni, akaunganisha viganja vyake kifuani kwa adabu, chini kidogo kuliko inavyotakiwa, na Urai akamrudishia vizuri.

Gari lilipokata kona, alikwenda hadi kwa Kaka Tek akaketi, jambo alilokuwa halifanyi asubuhi. Tek akamwekea kahawa nzito na maziwa yake chini ya glasi. Simu ikaita. Alikuwa Nuch, tayari na wimbo wake.

"Mama, sauti yako leo imekuwaje?"

"Imekuwaje?"

"Kama mtu aliyelala vizuri."

"Nimelala," Urai akasema, akakoroga maziwa yapande juu. "Nimelala kama gogo. Ngoja nikusimulie, lakini usinikatize."